Mtungi wa Chuma

Mzamiaji wa Karema huuchagua mtungi wa hewa kwa sikio. Anaugonga kwa pete ya ndoa, anainamisha kichwa kusikiliza, kisha anaupapasa kitako akitafuta kutu, kama mama anayemtafutia mtoto chawa. Mitungi anayo miwili. Wa chuma ni wake. Hata mkewe hausogezi bila ruhusa. Wa alumini hupewa mgeni, pamoja na hotuba: “Haushiki kutu, sawa. Lakini hewa ikikaribia kwisha unakuwa mwepesi, unakuvuta juu kama boya. Chuma kinatulia na wewe mpaka mwisho.” Dina, anayejifunza kazi kwake, ameisikia hotuba hiyo mpaka anaijua yote, pamoja na kikohozi cha katikati.

Siku Dina alipozama kikazi kwa mara ya kwanza, kutafuta injini ya boti iliyodondoka ziwani, alikuta mtungi wa chuma umeshafungwa kwenye mikanda yake.

“Fundi, umekosea.”

“Vaa, dada. Leo mgongo unanisumbua.”

Mpaka wanaipata injini na kuifunga kamba, hewa ilikuwa imepungua sana. Dina alikuwa amepiga magoti mchangani, ametulia kama yuko jikoni kwao. Akageuka kumtafuta fundi. Fundi alikuwa amelikumbatia jiwe kwa mkono mmoja, miguu inaelea juu ya kichwa chake, na kwa mkono wa pili anamwashiria: taratibu, taratibu.