Siku Saba za Mwenyekiti Yangi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yangi Mogga aliijua methali hiyo vizuri, tatizo ni kwamba jembe hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni loji ya vyumba kumi na viwili mtaani Munuki, mjini Juba, wageni thelathini wasiolipa hata senti, na siku yenyewe ilikuwa ya kumi na moja.

Na kosa lilikuwa lake. Tena aliliandika kwa mkono wake, akaligongea muhuri.

Yangi alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Adjumani, upande wa Uganda, na kazi ya kupokea watu alifundishwa na bibi mmoja aliyeitwa Kiden, aliyekuwa akikaanga mandazi mbele ya kibanda chake. Kiden alilisha nusu ya watoto wa kambi ile, wa kwake na wasio wa kwake. Mtu akifika kwako, alimwambia Yangi, mpe kwanza maji, habari utamuuliza baadaye. Kwa elimu hiyo tu Yangi akaosha sahani katika hoteli moja ya Arua, akapanda mpaka mapokezi, na amani ilipokuja akarudi Juba akanunua makontena manne ya chuma. Akayatoboa madirisha, akaweka vitanda na feni. Manne yakazaa kumi na mawili. Watu wa kwao Kajo-Keji waliokuwapo mjini walipotafuta mwenyekiti wa jumuiya, wakamchagua yeye, kwa kuwa ndiye peke yake aliyekuwa na viti vya kutosha.

Cheo kilimnogea, tusifiche. Kwa miaka tisa alitembea na muhuri mfukoni, na aliwahi kuugonga kwenye kadi ya ubatizo wa mtoto wake mwenyewe. Kisha, bila kuombwa na mtu, akaitungia jumuiya katiba ya kurasa nne. Kifungu cha sita kilisema familia mbili zikigombana zitakaa nyumbani kwa mwenyekiti, zitakula chungu kimoja, wala hatatoka mtu mpaka wapatane. Wazee walipiga makofi siku ile. Hakuna aliyefikiria kwamba nyumba ya mwenyekiti ni loji yenye bafu la ndani.

Bibi Kiden alipofariki, tangazo la kifo likasomwa redioni. Lako, mjukuu wake wa upande wa wana, ndiye aliyelipeleka, akawataja watu wote wa upande wake hadi vitukuu. Upande wa binti yake, yaani kina Igga, hakutaja hata mmoja. Igga akauliza mbele ya kaburi kama wao walizaliwa na redio. Ngumi zikaanza kukunjwa, na mwenyekiti akasoma kifungu cha sita kwa sauti kubwa.

Siku mbili za mwanzo pale loji walinuniana kama inavyotakiwa. Siku ya tatu wakagundua feni. Siku ya tano Lako alikubali kuomba radhi, ila kina Igga wakataka radhi isomwe redioni, na mabishano ya kama isomwe kabla ya habari au baada ya habari yakala siku tatu. Walipoafikiana kwamba ni baada ya habari, kijana mmoja wa kina Lako akakumbuka mbuzi aliyeibwa mwaka tisini na nne. Kijana huyo alizaliwa tisini na nane.

Yangi alizima feni. Wakahamia rakuba, kile kibanda cha kivuli uani, wakasema upepo wa huku ni mzuri zaidi.

Alhamisi asubuhi mkewe, Charity, alimzuia mlangoni. "Baba Peace, Jumamosi wakwe wanakuja. Watu kumi na nne kutoka Gumbo. Watalala wapi, juu ya jenereta?"

Hilo ndilo lililokuwa likimnyima Yangi raha. Binti yake Peace alikuwa anaposwa na Majur, kijana wa Kidinka aliyekulia Kenya, na mazungumzo yalikuwa yameahirishwa mara mbili. Aguer, ami yake Majur, alishatuma neno kwamba wakirudishwa mara ya tatu watatafuta mlango mwingine. Na Yangi alimwona Peace akipiga pasi gauni lile lile kila siku.

Saa saba mchana asida, ule ugali wa kwao, ilipoletwa, Yangi aliingia rakuba akasimama katikati ya familia zote mbili.

"Huyo bibi yenu Kiden," akasema, "redio ingeacha kumutaja kabisa, Juba haingepungua kitu. Na mandazi yake ilikuwa mbichi ndani."

Tonge likabaki mkononi mwa Igga. Lako akainuka polepole.

"Umesema nani?" Lako akauliza. "Unatukana bibi yetu?"

"Bibi yetu sisi wote," akasema Igga, naye akainuka, akasimama bega kwa bega na Lako.

Haikupita robo saa. Walishikana mikono, mbuzi wa tisini na nne akasamehewa, na katiba ikafunguliwa kifungu cha tisa: anayemtukana marehemu atavuliwa cheo, na kwa siku saba hataketi wala kusema neno katika kikao chochote. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lako akachaguliwa mwenyekiti palepale, akanyoosha mkono, na Yangi akautoa muhuri mfukoni akampa. Kufika jioni makontena yote yalikuwa matupu. Yangi alikwenda nyuma ya jiko akalia, kwa sababu mandazi ya Kiden hayakuwa mabichi hata siku moja, na kwa sababu msibani hakupata nafasi ya kumlilia. Alikuwa akipanga viti.

Jumamosi saa nne wageni wakavuka daraja la Nile kutoka Gumbo, wakapewa vyumba na maji ya kunywa. Ndani ya rakuba Lako na Igga waliketi upande wa bibi harusi. Na baba yake? Haruhusiwi kuketi, haruhusiwi kusema. Katika loji nzima kazi ya kusimama na kunyamaza ilikuwa moja tu, basi Yangi akachukua birika na trei.

Aguer, ambaye hakuwahi kuonana na baba wa msichana, aliipenda ile chai. Walipopumzika kidogo alimfuata Yangi mpaka mlango wa jiko.

"Boss, wewe unawajua hawa wazee," akanong'ona. "Sisi tuko na ng'ombe ishirini. Nikianza na nane, watakasirika?"

Yangi akaipangusa trei. "Mimi iko mutu ya chai tu, mzee."

"Najua, lakini uko na uso wa kuaminika. Na huyu baba ya msichana ako wapi? Mbona anatukimbia?"

Yangi akamwongezea chai.

Kisha Peace akaitwa aje kuwasalimu wazee. Aliingia na lile gauni, kila mtu akinyoosha shingo. Akampita Lako. Akampita Igga. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo aliposimama mtu wa chai, akapiga magoti yote mawili kwenye vumbi, akainamisha kichwa.

"Baba," akasema, "habari ya asubuhi."

Aguer aliitazama chai yake, akamtazama msichana aliyepiga magoti, akamtazama yule aliyeshika birika. Akakohoa kikohozi kirefu mpaka Majur akampigapiga mgongoni.

"Wazee," akasema hatimaye, bila kumwangalia mtu, "sisi tumekuja na ng'ombe ishirini."

Lako, aliyekuwa amejiandaa kubishana mpaka magharibi, akautafuta muhuri mfukoni. Yangi alikuwa na siku tano zaidi za kutosema neno. Akamjazia Aguer kikombe hadi chai ikamwagika mezani, na hakuna mtu aliyemwambia basi.