Kibao cha Meli ya Ndoo

Shangazi yangu Jawaher hamwamini mtu. Si fundi, si daktari, si muuza samaki. Tangu saa ya ukuta ya marehemu mumewe ilipopelekwa kwa fundi mtaa wa Hamriya kutengenezwa, ikarudi na mashine nyingine tumboni, basi tena. Akienda sokoni humnusa samaki, kisha humtazama muuzaji kama vile naye angependa kumnusa. Nnampenda, lakini wallahi anachosha.

Anachokichunga kuliko vyote ni kibao cha shaba, ukubwa wake kama sinia dogo. Babu yake mzaa baba, Salem, alikuwa mtia makaa katika meli ya kuchimbia bandari. Meli yenyewe iliundwa Uholanzi karne ya kumi na tisa, zama za mvuke, ikaburutwa mpaka Bahari ya Shamu kwenda kufukua bandari za watu. Haikubeba abiria wala shehena. Ilikuwa na mnyororo wa ndoo za chuma: zinashuka tupu, zinapanda zimejaa tope, kutwa kucha. Ilipozeeka ikavunjwa, Salem akapewa kile kibao chenye jina la kiwanda na nambari ya meli. Aliporudi Unguja akasimulia, watu wakamcheka. Meli inayokula mchanga! Na kibao, ati kakiokota jaani. Mpaka leo hapa Maskati tulikohamia, shangazi akiingia harusini, vizee huulizana, "Huyo si wa meli ya ndoo?" Yeye hujifanya hasikii, lakini siku hiyo hatii kitu mdomoni.

Mimi kazi yangu kutembeza wageni wanaoshuka na meli za kitalii Bandari ya Sultan Qaboos. Mwezi uliopita nikampata mzee wa Kiholanzi, Teunis, ambaye babu zake walikuwa waundaji wa meli hizo hizo. Mdomo wangu huu! Nikamropokea khabari ya kibao. Akaniomba akione kabla meli yake haijang'oa nanga jioni ile, nikampigia shangazi simu.

"Alaa! Umemwambia? We Balqees, una akili kweli? Wameunda wao, watakuja kudai chao."

"Anataka kuona tu, shangazi."

"Hata yule wa saa alitaka kuona tu."

Tulipofika kwake, Khuwair ya Kusini, alitupokea vizuri. Mgeni ni mgeni. Halua ikaja, kahawa ikamiminwa, ila macho ya shangazi hayakubanduka kwenye mkoba wa mzee wa watu. Teunis akatoa humo picha kuukuu: meli, mnyororo wa ndoo, na wafanyakazi wamejipanga mbele yake.

"Nyuma ya picha pana nambari ya meli," akasema, nami nikatafsiri. "Ikiwa ndiyo iliyo kwenye kibao chenu, basi hii ndiyo meli ya babu yenu."

Shangazi hata hakuitupia jicho. "Kibao gani? Hatuna kibao sisi. Mtoto huyu anaota."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akaingia ndani, akatoka na chetezo kinafuka udi, kakiweka juu ya sinia lililofunikwa kitambaa cha kutarizi. Jamani, mgeni hajamaliza hata kikombe cha kwanza! Kwetu udi ukishapitishwa, mgeni huaga. Ukiuleta mapema hivyo umemfukuza bila kufungua mdomo. Teunis, maskini, akadhani anatukuzwa. Akainama kujifukiza, anatabasamu. Mimi nikasimama nikamwashiria twende.

Naye akasimama, akairudisha picha mkobani. "Basi labda ilikuwa hadithi tu ya mzee," akasema kwa upole.

Hasira zilikuwa zimeshanipanda. Ningeweza kulimeza neno lile, sikulimeza. Nikalitafsiri, tena nikalikoleza: "Anasema babu Salem alikuwa akijitungia."

Shangazi akanigeukia. Waliyoyasema vizee miaka yote, leo yamesemwa sebuleni mwake, na aliyemkana babu ni yeye mwenyewe.

"Nani aliyejitungia?"

Akatua mzigo wake mezani, akanyanyua chetezo, akavuta kitambaa. Kumbe halikuwa sinia. Kilikuwa kibao! Kwa kuogopa kukiacha ndani bila mlinzi, alikuwa akimpitishia Mholanzi puani kitu kile kile alichokifuata.

"Mwambie asome kwa macho. Mkono asitie."

Teunis akavaa miwani. Akasoma kibao, akaitoa tena picha, akaigeuza, akarudi kwenye kibao. Shangazi kakishikilia kwa mikono miwili, kingali na joto la makaa, hakiachii. Mzee akanipa picha, akanionesha nambari. Ni ile ile. Nikaisoma kwa sauti, nikairudia, shangazi asije akasema nimehongwa.

Hapo ndipo shangazi alipoinamia picha. Pembeni mwa wafanyakazi alisimama kijana mwembamba, mkono kiunoni, shingo kaiinamisha upande.

"Anasimama kama baba," akasema, machozi yakamtiririka. "Kama baba yangu kabisa."

Teunis alikuwa bado kasimama, mkoba begani, hajui akae au aende. Shangazi akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Udi utoe nje, nimeuleta kabla ya wakati wake. Na yeye mwambie akae, kahawa hajanywa." Kisha akaukazia macho mkoba. "Huo auweke pale ninapouona."