Mtaalamu wa Waume Wenye Wivu

Ninafundisha fasihi ya Italia ya enzi za kati hapa Brussels, na mwaka huu tunasoma hadithi za waume wenye wivu. Wiki iliyopita niliwaambia wanafunzi kwamba mume katika hadithi zile humfungia mkewe ndani kwa jina la heshima, kisha anashangaa mke akitafuta dirisha. Walicheka, nami nikajiona mwanamume wa kisasa.

Jioni hiyo niliona ujumbe kwenye simu ya mke wangu, Béa, kutoka kwa mtu aitwaye Pascal: "Kesho saa nne, mahali petu. Leo ulinifurahisha sana."

Asubuhi niliahirisha kipindi, nikamfuata Béa kwa basi hadi mtaa wa Ganshoren. Akaingia kwenye gari jeupe lililokuwa na mwanamume. Mimi, mwenye shahada tatu, nikajibanza nyuma ya mapipa ya taka na kupiga picha za ushahidi.

Gari likarudi kinyumenyume polepole, likasimama mbele yangu. Ndipo nilipoona kibao cha shule ya udereva juu yake, na Béa kwenye usukani. Mwaka jana aliniomba ajifunze kuendesha gari, nikamjibu kwamba nyumbani kwetu dereva mmoja anatosha.

"Maman, unamujua huyu papa?" Pascal, mwalimu wake, aliuliza kwa adabu.

"Ni bwana yangu," Béa alisema bila kugeuka. Kisha akateremsha kioo. "Bon, ingia nyuma, ufunge ceinture ya kiti. Nitakupeleka ku kazi."