Mlishaji wa Vifaranga Mia Tatu

Kwenye orodha ya mishahara alikuwa na jina kama watu wengine, lakini pale shambani hakuna aliyelitumia. Walimwita Maji Kwanza, kwa sababu kila mfanyakazi mpya aliyeingia chumba cha vifaranga na ndoo ya chakula alipokewa na maneno hayo mlangoni, hata kabla ya salamu.

"Maji kwanza. Kifaranga wa bata akila kikavu bila maji, kinamkwama kooni, anakufa huku unamtazama. Na yawe ya kuzamisha mdomo mpaka matundu ya pua, siyo ya kuogelea. Ukimwekea beseni atalowa, atapata baridi, halafu mimi na wewe tutashika jembe la kuzikia."

Miaka kumi na tisa alikuwa mlishaji wa chumba kile chenye sakafu ya saruji, maranda yaliyotandazwa, na taa nne za joto zilizoning'inia kwa minyororo. Hakufundishwa kazi hiyo darasani. Alijifunza kwa kuzika. Alizika waliolishwa makombo ya mkate wakashiba hewa, akazika waliopewa chakula cha kuku chenye dawa ndani yake. Mwishowe akapata mchanganyiko wake: mahindi yaliyosagwa laini, shudu la alizeti na unga wa samaki, vikalowekwa mpaka vikawa kama uji mzito. Juu yake kijiko cha chachu, maana bata mchanga akiikosa, miguu inapinda na hatembei tena. Siku ya nne mchicha uliokatwa mwembamba kama nywele, na mchanga kidogo wa kumsaidia kusaga. Baada ya wiki mbili alipunguza samaki, wasije wakanenepa upesi na mabawa yakaning'inia.

Alikuwa na mdogo wake mmoja, wa kiume. Mama yao alipofariki, yule mtoto alikuwa na miaka miwili na Maji Kwanza alikuwa na kumi na minne. Akaacha shule. Alimlisha kwa kijiko, akamlea kwa mshahara wa kufagia mabanda, akamfikisha chuo cha mifugo. Hakuolewa. Waliomtaka walimtaka bila mtoto mgongoni, naye hakuwa tayari kumtua.

Meneja wa shamba alipohama, Maji Kwanza alikwenda mwenyewe kwa mwenye shamba, ambaye wote walimwita Mzee, akasimama mikono nyuma na kumwombea mdogo wake nafasi. Mzee akakubali. Wiki za kwanza kijana alimwita dada, kama siku zote. Mwezi wa pili, mbele ya wafanyakazi, alianza kumwita mama, kama alivyowaita wanawake wengine wote waliokuwa chini yake. Maji Kwanza aliliona hilo, akalimeza.

Kisha yakaja magunia. Meneja alikuwa amenunua mahindi yaliyosagwa kwa bei ya kutupa, kumbe yalinyeshewa njiani. Maji Kwanza akafungua gunia moja, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na joto. Akatoa bonge la kijani na kulinusa.

"Hiki kimevunda."

"Tutakianika," meneja akasema.

"Jua linakausha tu, sumu ya ukungu inabaki palepale. Ng'ombe mkubwa anaweza kuivumilia. Bata mchanga hawezi, ini lake halina ubavu huo."

"Mama, hayo nimeyasomea mimi."

"Basi umeyasahau."

Wafanyakazi wakacheka. Meneja hakucheka. Baadaye Maji Kwanza alikikumbuka sana kicheko kile, akawaza kwamba pengine ndicho kilichomponza, siyo mahindi.

Wiki hiyo walikuwa wametotolewa vifaranga mia tatu. Aliwalisha kwa akiba ya zamani, na magunia mapya hakuyagusa. Alhamisi mdogo wake akamjia kwa upole ambao alikuwa hajauona siku nyingi.

"Dada, macho yako yanakusumbua. Nenda kapimwe. Chukua siku mbili, mimi nipo."

Neno hilo la dada lilimlainisha. Akadhani ndiyo njia yake ya kuomba radhi. Akamwachia mfagiaji wa mabanda nusu gunia la akiba, akamwonyesha vipimo mara tatu, akaondoka.

Alirudi Jumamosi asubuhi na miwani mipya. Kabla hajafika mlangoni akaanza kukimbia, kwa sababu chumba cha vifaranga mia tatu hakiwi kimya. Alipofungua, miwani ilimwonyesha kila kitu vizuri. Wengi walikuwa wamelala chali, shingo zimepinda nyuma. Wengine walisukuma miguu kwenye maranda kama wanaotaka kusimama na wamesahau namna. Vyomboni mlikuwa na uji wa kijani.

"Aliniambia ile akiba ni ya kupoteza," mfagiaji akanong'ona. "Akasema tumalize kwanza hiki."

Kufikia Jumatatu walibaki arobaini na mmoja. Mzee akaja, akawaita wote watatu ofisini. Hakukaa.

"Nani aliwalisha?"

Maji Kwanza hakumung'unya maneno. Alieleza magunia, joto, harufu, siku mbili alizopewa. Akasema bonge lingine bado limo ndani ya gunia, twendeni mkalione. Mzee akamgeukia meneja.

Meneja akamruka kimanga, uso mkavu. "Mzee, huyu ni dada yangu na inaniuma kusema. Magunia yale yalikuwa ya ng'ombe, yaliwekwa kando. Yeye ndiye mlishaji. Macho yake hayaoni vizuri, ndiyo maana nilimtuma hospitali. Nadhani alichanganya kabla ya kuondoka."

"Muulize mfagiaji," Maji Kwanza akasema.

Mfagiaji alikuwa na watoto watano. Akasema yeye anafagia tu.

Mzee hakuwa mtu mbaya. Alisema amemtumikia vizuri, na kwamba uzee humfika kila mtu. Maji Kwanza alikuwa na miaka arobaini na mitano. Kabla ya saa sita alikuwa nje ya geti na aproni yake kwenye mfuko.

Kesho yake jioni mdogo wake akafika nyumbani kwake, chumba kimoja na jiko la uani, amebeba boksi lenye matundu.

"Waliobaki hawana maana, Mzee kasema watupwe. Nikaona nikuletee."

Dada alitazama boksi, halafu akamtazama yeye.

"Ningesema ukweli tungefukuzwa wote wawili," kijana akasema.

"Siyo wote wawili. Wewe."

"Mimi nina maisha mbele yangu, dada."

Dada alipokea boksi kwa kuwa vifaranga walikuwa wanatetemeka, akaingia ndani akafunga mlango. Aliwawashia taa, akawapa maji, akawachemshia yai na kuwapondea kiini chake kwa kidole, mmoja mmoja. Walipona kumi na tisa. Watano kati yao hawakunyooka miguu mpaka walipokuwa bata wazima.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja mdogo wake akasimama uani na daftari. Vifaranga wa awamu mbili walikuwa wamelemaa, mchanganyiko wa kitabuni haukufua dafu, na Mzee alikuwa ameanza kuuliza maswali. Dada angeweza kumfukuza pale uani. Majirani waliosikia baadaye walisema angepaswa kumfukuza. Lakini aliwawaza wale waliokuwa wakijiburuta kwenye maranda, akamtajia vyote: vipimo, siku, chachu, mchicha, mchanga, kupunguza samaki. Alisema polepole ili kijana apate kuandika. Hakumkaribisha kiti.

Alipofunga daftari alisema, "Asante, dada. Sijui nikulipe nini."

"Kamwambie Mzee ukweli."

"Nitamwambia."

Mfagiaji ndiye aliyemletea habari, alipokuja kuomba radhi kwa mara ya pili au ya tatu. Vifaranga wanakua vizuri. Vipimo vimechapwa kwenye karatasi, vimebandikwa ukutani juu ya taa, na chini yake kuna sahihi ya meneja. Wageni kutoka mashamba mengine huja kuvipiga picha. Mzee amempa gari.

Maji Kwanza aliendelea kukata mchicha. Akauliza tu kama chumba bado kinavuja pembeni, mvua ikinyesha.

Gari lenyewe hupita barabara ya mbele ya nyumba yake, asubuhi mara mbili tatu kwa wiki. Mdogo wake hupunguza mwendo, akapiga honi. Dada huinua mkono, kwa kuwa majirani wanatazama, kisha huushusha akaendelea na kazi yake.