Lori la Mama Salma Lisilopata Moto

Cheka ukitaka, nimeshazoea kuchekwa. Ila hiki ninachokueleza nilikiona kwa macho haya, mchana kweupe, jua la Kariakoo linawaka, na sikuwa nimeonja hata tone.

Mimi ni fundi wa malori, gereji yetu iko Gerezani. Mama Salma alituletea lori kuukuu la marehemu mumewe. Mumewe alikufa kwenye mafuriko ya Jangwani: lori lilizimika majini, akashuka kutafuta msaada, maji yakamzoa. Lori likapona. Sasa mama alikuwa amepata dereva na kazi ya kubeba mizigo bandarini, lakini injini ilikataa kupata moto. Moshi mweupe, dizeli inakwisha kama inamwagwa, mshale wa joto umelala chini kabisa.

Nikaona kazi ndogo. Injini ikikaa baridi hivyo, mara nyingi ni themostati, kile kidude kinachozuia maji yasikimbilie kwenye rejeta kupoozwa kabla injini haijapata moto. Mafundi wengi hapa mjini hukitoa wakakitupa. Nikafungua, kipo. Nikakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, kikafunguka vizuri. Nikafunga kipya hata hivyo. Nikabadilisha sensa ya mshale. Nikaziba rejeta kwa boksi ili upepo usiipoze. Nikashika hosi ya juu, mpira unaotoa maji ya moto kwenye injini: baridi, kama imetoka kwenye friji!

"Fundi," Mama Salma akasema taratibu, "labda mwenyewe bado yumo."

Nikacheka kwa sauti ili wenzangu wasikie. "Mama, hii ni injini, siyo kaburi."

Maneno hayo yananiuma mpaka leo.

Tukatoka kulijaribu, mimi kwenye usukani, yeye upande wa dirishani. Tukashika Msimbazi kuelekea Jangwani, foleni inasogea polepole. Hatujafika hata bondeni, nikahisi kiwiko cha kushoto kimelowa. Nikageuka. Katikati yetu amekaa mwanamume, shati limemganda mwilini, matope yanamchuruzika mpaka kwenye gia.

"Fundi," akasema, "kule chini kuna baridi sana."

Unadhani nilifanya nini? Nilisoma dua? Nilimshika mkono yule mama? Nilifungua mlango nikaruka. Lori linatembea, mama wa watu yumo ndani, hajui kuendesha, na mbele watu wanavuka barabara. Nilikimbia hadi sokoni, kiatu kimoja mguuni, wauza mitumba wakidhani ni mwizi.

Niliporudi, nilikuta lori limesimama kando ya barabara, linaunguruma. Mama Salma anafuta kiti kwa kanga yake, machozi yanamtoka.

"Alikanyaga breki," akaniambia. "Akanisalimia. Akaulizia watoto. Basi, akashuka."

Mshale ulikuwa umepanda hadi katikati, umetulia.

Lori hilo linapiga kazi hadi leo. Kiwiko changu cha kushoto, ukikishika, ni baridi hata nikae juani kutwa. Hilo nalivumilia. Kinachonishinda ni Mama Salma. Akipita gereji ananisalimia kwa heshima ileile, "Hujambo fundi wangu?", na sijui hata niangalie wapi. Wenzangu wanajua nilikimbia jini, basi wanacheka yanaisha. Kwamba nilimwacha yeye ndani, hajamwambia mtu.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayenisikiliza. Likikukuta, ogopa, hakuna atakayekulaumu. Lakini kabla hujaruka, vuta handbreki.