Mpira Niliotandaza Njiani Garsen

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka uso huniwaka hata nikiwa peke yangu. Nilikuwa fundi redio, nimerudi kutoka Mombasa na maarifa mapya na kiburi kipya. Wakubwa wa barabara walitaka kujua magari mangapi hufika kivuko cha Garsen, nami nikabuni kifaa: mpira mrefu uliolazwa barabarani, gurudumu likiukanyaga hewa inasukuma swichi, na umeme wa betri unasogeza namba ndani ya kisanduku. Nilikipenda kuliko inavyofaa mtu kupenda kitu.

Kasoro yake, hata mguu wa mtu uliweza kusogeza namba. Siku hiyo mhandisi alikuwa njiani kuja kukikagua, basi nikasimama pale na fimbo, nikiwafukuza waliokwenda kwa miguu, nisimwamini yeyote kuuruka mpira bila kuukanyaga.

Ndipo akatokea Mzee Farah, mfugaji wa Kisomali, na wanawe, wamembeba mkewe juu ya kitanda. Uchungu wa kuzaa ulikuwa umemshika tangu jana yake, nao walikuwa wakimwahisha kivukoni avushwe kwenda hospitali. Nikawaambia wapite pembeni. Pembeni, mwanangu, mvua ilikuwa imeacha matope ya magotini. Mzee alinisihi, nikainua fimbo.

Wakashuka. Mmoja akateleza, kitanda kikapinduka, yule mama akaanguka. Sauti yake sijaisahau.

Nikakimbia kusaidia. Mzee Farah akauondoa mkono wangu kitandani, taratibu.

"Kijana, hii mashine yako inahesabu nini?"

"Magari, mzee."

"Na sisi?"

Wakamwinua, wakapita juu ya mpira, nami nimeinamisha kichwa mbele ya watu wote.

Mama alipona, mtoto hakupona. Hakuna aliyeniambia ni kwa sababu yangu, wala aliyeniambia si kwa sababu yangu. Nilipokwenda kuomba msamaha, mzee alinipa maziwa. Nikayanywa hadi tone la mwisho.

Mwanangu, nawe sasa unasomea mambo haya ya umeme. Buni, tengeneza. Lakini kabla hujaweka kitu chako njiani, tazama kwanza ni nani hupita hapo. Na ikibidi kazi yako iharibike ili mtu apite salama, iache iharibike. Mungu akujalie mikono hodari na macho ya kuona watu, akuepushe na aibu hii niliyozeeka nayo. Amina.