Jumamosi Mama Mkwe Alipopanda Ndege ya Mwanawe

Mume wangu alipata leseni ya urubani akiwa na miaka arobaini na moja. Siku za kazi aliendesha lori la kusambaza mikate Toronto nzima. Jumamosi alikwenda kwenye kiwanja kidogo cha ndege kaskazini mwa jiji, akakodi kindege cha viti vinne, akaruka saa moja, akarudi nyumbani, mtaa wa Lawrence Heights, akiwa mtu mwingine. Sikuwahi kumwona na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi yetu.

Mwaka uliofuata mama yake alikuja kututembelea kutoka Moshi, akakaa miezi mitatu. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na baridi hakuiweza. Alivaa koti langu zito juu ya kitenge hata akiwa sebuleni. Alitaka jambo moja tu, kumwona mwanawe akirusha ndege. Kila tulipopanga, mvua ilinyesha au kanisani kulikuwa na shughuli. Ikafika Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, na Jumanne alikuwa anaondoka.

Tulipofika kiwanjani upepo ulikuwa unatulia kidogo, kisha unapiga ghafla. Mfuko wa upepo, ule wa rangi ya machungwa wanaoutundika kwenye nguzo ili marubani wauangalie, ulining'inia ukilegea, mara ukakakamaa. Mume wangu aliutazama kwa muda mrefu.

"Siupendi upepo huu," aliniambia pembeni. "Unapiga ubavuni, tena kwa vishindo. Tumwambie mama haiwezekani."

"Mwambie wewe," nilijibu. "Miezi mitatu amengoja. Na hujui kama watampa viza tena. Zunguka mara moja tu, ushuke."

Nikaongeza, "Au unaogopa?"

Alikwenda kumfungulia mama yake mlango wa ndege.

Nilibaki nje ya uzio nipige picha. Waliruka vizuri. Baada ya kama robo saa nikawaona wanarudi, mabawa yakiyumba. Mara ya kwanza alikaribia kugusa ardhi, akaghairi, akapaa tena. Nikashusha kamera. Mara ya pili magurudumu yaligusa, nikasema "Asante Yesu" kwa sauti, na hapohapo upepo ukalinyanyua bawa la kushoto. La kulia likakwaruza lami. Ndege ikachepuka ikaingia kwenye majani, gurudumu la mbele likavunjika, pua ikachimba udongo, kisha yote ikapinduka, taratibu kuliko nilivyodhani ndege inaweza kupinduka.

Sijui niliurukaje ule uzio. Nilimkuta mume wangu ameshatoka, damu inamchuruzika usoni, mafuta yananuka kila mahali. Mama alikuwa bado ndani, kichwa chini miguu juu, ananing'inia kwenye mkanda na kumwita kwa jina la utotoni. Mume wangu aliogopa moto. Akaufungua mkanda kabla sijafika upande wa pili kumdaka mama, naye akaangukia nyonga. Niliusikia mfupa. Mimi ni muuguzi, sikuhitaji kuambiwa.

Walimfanyia upasuaji siku ileile. Alipozinduka alimwambia mwanawe, "Nimeliona ziwa lote kutoka kule juu, mwanangu. Usilie." Tukadhani hatari imepita. Siku ya kumi na moja damu iliyoganda mguuni ikapanda mapafuni, akafariki wodini kabla sisi hatujafika hospitali.

Wachunguzi waliandika kwamba rubani hakuupima upepo sawasawa. Kule Moshi, jeneza likiwa bado ndani ya nyumba, mume wangu alisimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Mama nimemwua mimi." Wazee wakamkalisha. Jioni wifi yangu, dada yake mkubwa, alinifuata jikoni nilipokuwa namenya ndizi.

"Niambie ukweli," akasema. "Nani aliamua waruke siku ile?"

"Rubani ni yeye," nikajibu, nikaendelea kumenya.

Tuliporudi Toronto hakuruka tena. Watu wa kanisani walikuja kumwombea asamehewe. Aliinamisha kichwa, akawashukuru, akawasindikiza mpaka kwenye magari yao. Mimi niligawa chai. Ilikuwa hivyo kwa miaka minne.

Kisha siku moja, tukiwa kwenye foleni ya magari barabara ya Bathurst, nilishindwa kuendelea.

"Ni mimi niliyekusukuma siku ile," nikamwambia.

"Najua. Nilikuwapo."

"Mbona hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Mikono kwenye usukani ilikuwa yangu." Magari ya mbele yakasogea, naye akasogea.

Angenifokea ningepata nafuu. Wiki ile nikampigia simu wifi yangu, nikamweleza kila neno nililosema pale kiwanjani, hata lile la mwisho.

"Kwa hiyo jikoni ulinidanganya," akasema, "nami nikamchukia ndugu yangu miaka minne."

Kesho yake alimpigia mume wangu. Walizungumza saa nzima, naye akatoka chumbani macho mekundu. Siku hizi wanapigiana kila Jumapili baada ya ibada. Mimi wifi hajaniulizia.